Usipoziba ufa: ni nani wa kuuziba katika nyumba ya kupanga?

WAHENGA walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeisikia tangu utotoni na hakuna anayeipinga. Lakini inamhusu mtu anayeishi katika nyumba yake mwenyewe. Haituambii ni nani mwenye jukumu la kuziba ufa pale anayelala chini ya ukuta ni mmoja, na anayepokea kodi ya ukuta huo ni mwingine. Hapo ndipo ufa unapokaa mwaka mzima, kila mmoja akimtazama mwenzake, hadi masika yanapokuja kuwaamulia.

Makala haya yanakusudia kulijadili suala hili, ambalo wengi wetu tunalichukulia kuwa ni dogo, la bawaba na misumari ya bati. Ndugu msomaji, katika miji yetu Waislamu wengi ama wanapanga ama wanapangisha, na wapo wanaofanya yote mawili kwa wakati mmoja. Ni katika jambo hili la matengenezo ambapo mtu anayeswali swala tano, anayefunga na kutoa sadaka, anaweza kula haki ya mwenzake kila mwezi bila hata kujua kuwa anakula.

Nitachukua mfano wa Lushoto. Msomaji wa Kariakoo au wa Ngamiani pale Tanga anaweza kuuliza, kwa nini Lushoto? Jibu ni kwamba milima ya Usambara haimruhusu mtu kuahirisha. Katika mji wa tambarare bati lililotoboka linaweza kuvumiliwa kwa beseni sakafuni mpaka mvua ipite. Lushoto mambo ni mengine. Mji ule uko juu, mita zipatazo 1,400 kutoka usawa wa bahari. Mvua za masika huanza Machi hadi Mei, kisha unakuja ubaridi wa Juni hadi Agosti ambao haukaushi kitu, kisha vuli. Ukuta ukilowa unachukua miezi kukauka. Ukungu unapanda kwenye plasta, nguo kabatini zinaanza kunuka, na mwenye pumu halali.

Zaidi ya hayo, nyumba nyingi za kule zimejengwa kwa kukata mlima. Mjenzi huchimba ubavu wa mlima apate uwanja, udongo uliochimbwa akautandaza mbele, kisha nyuma ya nyumba panabaki kingo ya udongo iliyosimama wima, wakati mwingine inazidi urefu wa bati. Kingo hiyo inahitaji ukuta wa mawe wa kuizuia, na nyuma ya nyumba unahitajika mfereji wa kuyapeleka maji kando. Mfereji ukiziba, maji yanaingia chini ya msingi. Ukuta ukilegea, mlima unaingia chumbani. Anayepita barabara ya kutoka Mombo kupitia Soni kwenda Lushoto wakati wa mvua kubwa ameona mwenyewe jinsi udongo unavyoshuka njiani. Udongo ule ule ndio ulio nyuma ya vitanda vya watu.

Sasa tuchukue mfano wa kufikirika, ingawa anayeujua mji ule ataona kuwa si wa ajabu. Mwalimu amehamishiwa wilaya ya Lushoto. Anapata vyumba viwili na sebule, analipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na ada ya dalali juu yake. Mwenye nyumba anaishi Dar es Salaam, na ndugu yake ndiye anayekusanya kodi. Mwezi wa pili bati linavuja juu ya dari. Mwezi wa tatu ukuta wa mawe wa nyuma unapasuka. Mwalimu anapiga simu. Anaambiwa, "Mwalimu, wewe ndiye uliye hapo, tengeneza tu, tutaongea." Anatengeneza bati kwa fedha zake. Akidai apunguziwe kodi inayofuata, anajibiwa kuwa hakuna aliyemtuma. Ukuta wa mawe haugusi, kwa sababu gharama yake inazidi mshahara wake. Basi analala na watoto wake chumba cha mbele, na chumba cha nyuma anakilipia bila kukitumia.

Ni nani aliyedhulumu hapa? Tusikimbilie kujibu, kwani mwenye nyumba naye anayo maneno yake. Atasema: nyumba nilimpa ikiwa nzima. Mvua sikuileta mimi. Kodi yenyewe ni ndogo, na nikianza kumwita fundi kila bati linapolia, sitabaki na kitu. Tena wapangaji wengine wanaharibu kwa mikono yao halafu wanasema ni uchakavu. Haya si maneno ya kupuuzwa. Ni lazima tuyapime kwa mizani inayoeleweka, na mizani hiyo tunayo.

Kodi ni bei ya nini?

Suala lote linasimama juu ya swali moja: mpangaji ananunua nini? Hanunui nyumba. Hanunui mabati wala matofali. Anachonunua ni manfaa, yaani kule kukaa ndani kwa salama kwa muda uliotajwa. Ndiyo maana mafaqihi waliiweka ijara katika mlango wa mauziano. Ni mauzo ya manfaa kwa malipo maalumu, na kama mauzo yoyote, muuzaji anatakiwa kukabidhi alichouza. Tofauti ni kwamba gunia la viazi linakabidhiwa mara moja na biashara inakwisha, lakini manfaa ya nyumba yanakabidhiwa kidogo kidogo, siku baada ya siku, hadi siku ya mwisho ya mkataba. Kwa hiyo kauli ya mwenye nyumba kwamba "nilimkabidhi ikiwa nzima" ni nusu ya jibu. Alikabidhi manfaa ya siku ile. Ya leo je? Kodi ya leo ameshaila.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 kwa kalenda ya miladi, alilizungumzia jambo hili katika kitabu chake Minhaj, ambacho wanafunzi wa madhehebu ya Shafi katika pwani yetu wamekisoma kizazi baada ya kizazi. Anaeleza kuwa kukabidhi ufunguo ni juu ya mwenye nyumba, na matengenezo ni juu yake. Akifanya haraka kutengeneza, mambo yanaendelea. Asipofanya, mpangaji anayo hiyari. Kisha anatoa mfano ambao mtu wa Usambara anaweza kuuelewa vizuri ingawa Imamu aliishi Sham ambako kuna theluji. Kuondoa theluji juu ya paa ni kazi ya mwenye nyumba. Kusafisha theluji na takataka uani ni kazi ya mpangaji.

Tuutazame mfano huo kwa makini. Theluji ni ile ile, na imeshuka kutoka mbingu ile ile, wala hakuna kati ya wawili hao aliyeileta. Hata hivyo ya juu ya paa ikabebeshwa mmoja na ya uani akabebeshwa mwingine. Kwa nini? Kwa sababu uzito wa theluji juu ya paa unaliangusha paa, na paa ni mali ya mwenyewe na ndilo linalobeba manfaa yote. Ya uani inazuia tu kupita, na anayepita ni mpangaji. Kwa hiyo anayeuliza "ni nani aliyeleta mvua?" anauliza swali lisilo na jibu la kusaidia. Swali lenye faida ni hili: je, kilichoharibika ni kile kinachoibeba nyumba, au ni kile kinachochakaa na kuchafuka kwa matumizi ya kila siku?

Tukiuhamishia mfano huo Lushoto tunapata jibu bila taabu. Bati, kenchi, kuta, msingi, ukuta wa mawe wa kuzuia mlima, shimo la choo, nyaya za umeme ndani ya ukuta: haya ni ya mwenye nyumba. Kufagia majani kwenye mfereji ili maji yapite, kubadilisha balbu, kuzibua karo iliyozibwa na mabaki ya chakula, kufyeka nyasi uani: haya ni ya mpangaji. Mfereji wenyewe ukibomoka, unarudi kwa mwenye nyumba. Ukiziba kwa taka za mpangaji, ni wa mpangaji.

Ipo pia kanuni ya mafaqihi, inayotokana na mafundisho ya Mtume (saw), kwamba pato la kitu hufuatana na dhamana yake. Anayekula mazao ya mali ndiye anayebeba hasara yake mali hiyo inapopata msiba. Mwenye nyumba anahalalishiwa kodi ilhali hatoki jasho kila siku, na sababu mojawapo ya uhalali huo ni kwamba yeye ndiye mwenye kubeba hatari ya mali. Akitaka kodi iwe yake na hatari iwe ya mpangaji, anakuwa ameshika mazao kwa mkono mmoja na kutupa dhamana kwa mkono wa pili. Sura ya Al-Mutaffifin inawaonya wale wanaotaka kipimo kamili wanapopokea na kupunguza wanapowapimia wengine. Tumezoea kuwatazama wauza nafaka tunapoisoma sura hiyo. Je, anayepokea kodi ya vyumba vitatu na kukabidhi viwili vinavyokalika hapunji?

Hiyari iliyofungwa mfukoni

Hapa lazima tuwe waangalifu. Mafaqihi waliosema kuwa matengenezo ni juu ya mwenye nyumba hawakumaanisha kuwa mpangaji amkamate shati. Katika madhehebu ya Shafi, mwenye nyumba anayejisimamia mwenyewe asipotengeneza, haki ya mpangaji ni hiyari: abaki na hali ilivyo, au avunje mkataba na adaiwe kodi ya muda aliokaa tu. Ni haki yenye busara. Mwenye mali halazimishwi kutumia fedha asizo nazo, na mpangaji halazimishwi kulipia asichopata.

Lakini hiyari hiyo ina maana pale tu fedha ya mpangaji inapokuwa bado mkononi mwake au inaporudi. Katika miji yetu mpangaji anatoa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kabla hajalala usiku mmoja. Siku ukuta unapopasuka, kodi imeshakuwa karo ya shule ya mtoto wa mwenye nyumba, au saruji ya nyumba nyingine. Mpangaji akisema "naondoka, nirudishie ya miezi minne", anachekwa. Hiyari aliyopewa na sharia imefungwa katika mfuko wa mtu mwingine. Kwa maoni ya mwandishi, hapa ndipo penye kiini cha dhulma, kuliko hata kwenye bati lenyewe. Mwenye nyumba anayepokea kodi ya mbele na kukataa matengenezo, na pia akakataa kurudisha, amefunga milango yote miwili. Anayepokea ya mbele anapaswa kujua kuwa fedha ile ya miezi ambayo haijafika ni ya manfaa ambayo bado hajayakabidhi.

Na lipo lile la "tengeneza tu, tutaongea". Wanachuoni walikataza kodi isiyojulikana kiasi chake. Minhaj inaeleza kuwa haisihi kupangisha nyumba kwa malipo ya kuwa mpangaji ataifanyia matengenezo tu, kwa sababu hakuna anayejua matengenezo yatafika wapi. Yanaweza kuwa kopo la rangi, na yanaweza kuwa ukuta mzima. Hiyo ni gharari. Kwa hiyo yule anayeandika katika mkataba kuwa "matengenezo yote ni juu ya mpangaji" ajue kuwa ameongeza juu ya kodi iliyotajwa kodi nyingine isiyo na mwisho. Njia iliyo safi ipo, na wanachuoni waliitaja: kodi itajwe kwa kiasi kinachojulikana, kisha mwenye nyumba amruhusu mpangaji kutumia sehemu yake kwa matengenezo. Anayetumia kwa idhini anadai. Anayetumia bila idhini ni kama amejitolea.

Sheria ya nchi inasemaje?

Wapo wanaodhani kuwa tangu sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilipofutwa mwaka 2005, hakuna tena sheria inayomlinda mpangaji. Si kweli. Kilichoondoka ni udhibiti wa kiwango cha kodi na mabaraza yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imebaki, na katika sehemu yake ya mikataba ya upangaji, kifungu cha 88, inaweka ahadi ambazo mwenye nyumba anahesabiwa kuwa ameziweka hata kama hazikuandikwa. Inapopangishwa sehemu tu ya jengo, paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu za pamoja zinakuwa juu ya mpangishaji. Inapopangishwa nyumba au chumba cha kuishi, lazima kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu mwanzoni, na kiendelee kufaa muda wote wa mkataba. Na nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa mpangaji, kodi au sehemu yake inayolingana na uharibifu inasimama mpaka itakapofaa tena.

Msomaji ataona jinsi sheria hii ilivyokaribiana na yale tuliyoyasoma kwa mafaqihi, na katika hili la kuiweka nyumba ikalike inambana mwenye nyumba zaidi. Kwa hiyo mwalimu wetu wa Lushoto, anayelipia chumba asichoweza kulala, haombi huruma anapotaka kodi ipunguzwe.

Na ikiwa mwenye nyumba ni maskini?

Sasa tuje kwenye hoja nzito kuliko zote za upande wa pili. Si kila mwenye nyumba ni tajiri anayeishi Masaki. Kule milimani, na hata Tandika na Mbagala, wapo wajane ambao vyumba viwili vya uani ndiyo pensheni yao. Zipo nyumba za mirathi, warithi saba, kila mmoja na mji wake. Kodi inapokuja inagawanywa siku hiyo hiyo, na ukuta unapopasuka kila mrithi anasema yeye ana fungu dogo. Je, tumwambie mjane ajenge ukuta wa mawe kwa fedha ipi?

Katika Sura ya Al-Kahf tunasimuliwa jinsi Nabii Musa (as) na mja mwema aliyekuwa akifuatana naye walivyofika katika mji ambao watu wake walikataa kuwapa chakula. Wakakuta ukuta unataka kuanguka, na yule mja mwema akausimamisha. Musa akamwambia kuwa angetaka angechukua ujira. Baadaye akaelezwa kuwa ukuta ule ulikuwa wa mayatima wawili, na chini yake kulikuwa na hazina yao. Kisa hiki kinatufundisha mambo mawili katika suala letu. Kwanza, Musa hakukosea kuona kuwa kazi ya kutengeneza ukuta ina ujira wake. Pili, yupo anayeweza kuitengeneza mali ya mnyonge bila malipo, na hiyo ni ihsani kubwa. Lakini ihsani hutolewa na mwenye kutoa. Haidaiwi kwa simu kutoka Dar es Salaam, wala haikatwi kwa nguvu katika mshahara wa mwalimu. Na kama mjane ni mnyonge, basi jirani zake, msikiti wake na hata mpangaji wake wanaweza kumsaidia wakijua kuwa wanatoa sadaka.

Kwa wale wanaosimamia mali za wengine, hukumu ni kali zaidi. Wanachuoni waliosherehesha Minhaj walieleza kuwa ile nafasi ya mwenye mali kuacha kutengeneza ni ya anayejisimamia mwenyewe. Msimamizi wa mali ya yatima na msimamizi wa wakfu hawana nafasi hiyo. Wao wanawajibika kuitengeneza, kwa sababu wanaoipoteza si mali yao. Na katika wakfu kanuni inajulikana: pato la kwanza linakwenda kwenye matengenezo ya wakfu wenyewe, ndipo wanaostahiki wagawane kinachobaki. Hekima yake ni nyepesi kuiona. Mali isipojilisha itakufa, na ikifa hakuna wa kugawana kitu.

Kwa nini warithi saba wa nyumba ya baba yao wasichukue kanuni hiyo hiyo? Kodi ya kwanza iwe ya nyumba yenyewe. Katika kila kodi inayoingia litengwe fungu la bati, la ukuta na la choo kabla haijagawanywa hata senti. Mjane wa vyumba viwili naye, fungu dogo la kila mwezi litamfikisha mbali kuliko kusubiri ukuta uanguke kisha aanze kuchangisha.

Ama hoja ya kuwa "kodi yenyewe ni ndogo", historia ya nchi yetu ina la kutuambia. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, mpaka mwaka 1990 yalipounganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Wenye umri wanakumbuka hali ya mengi ya majengo yale katikati ya Dar es Salaam na Tanga: kodi nafuu, na mabomba yanayotiririka ukutani. Kodi isiyotosha kutengeneza nyumba inailaza nyumba kitandani. Kwa hiyo mwenye nyumba anayeona kodi yake haitoshi matengenezo ana njia ya halali, nayo ni kutaja kodi ya kweli mwanzoni. Kutaja ndogo ili kuvuta mpangaji, kisha kuifidia kwa kumwachia nyumba inayovuja, ni ghushi kama ghushi nyingine.

Wasambaa wenyewe walikuwa na mantiki hii tangu zamani. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wakulima wa Usambara, ameeleza jinsi watu wa kule walivyowapima watawala wao wa Kilindi kwa maneno mawili ya Kishambaa: kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mtawala alipokea kodi ya watu, na kwa kupokea huko alidaiwa nchi iwe katika hali njema. Hatuzungumzii hapa itikadi za mvua za zama zile, kwani mvua ni ya Mwenyezi Mungu (sw) peke yake. Tunachokitazama ni mantiki ya haki iliyokuwa ndani yake: anayepokea ndiye anayedaiwa kutengeneza. Ikiwa mkulima wa Vuga aliweza kumpima mfalme kwa kipimo hicho, mpangaji wa leo anashindwaje kumpima mwenye vyumba vinne?

Mpangaji naye ajitazame

Tusimalize bila kumgeukia mpangaji, maana upande huu nao una dhulma zake. Nyumba mkononi mwa mpangaji ni amana. Halipi kilichochakaa chenyewe, wala kilichoangushwa na mvua. Analipa alichokiharibu kwa kuvuka mipaka au kwa uzembe. Anayewasha jiko la mkaa chumbani miezi ya baridi mpaka dari likawa jeusi, anayeunganisha majiko ya umeme mawili kwenye soketi moja mpaka nyaya zikaungua, anayeacha koki ikivuja miezi mitatu kwa sababu "si nyumba yangu", huyo anadaiwa, hata kama mwenye nyumba hajui.

Kubwa zaidi ni kunyamaza. Ufa unapoanza, ni mpangaji pekee anayeuona. Mwenye nyumba yuko mbali. Asipoarifu, na ufa ukawa ukuta, ameshiriki katika hasara. Kuarifu mapema, tena kwa ujumbe unaobaki kwenye simu, ni sehemu ya amana. Vivyo hivyo kuzuia kodi yote kwa sababu ya bati moja si haki. Mtume (saw) alikataza mtu kumdhuru mwenzake, na akakataza pia watu kulipizana madhara.

Nini kifanyike?

Kwanza, tuandike. Qur'an imetuelekeza kuandika madeni na kuweka mashahidi, na kodi ya miezi sita iliyolipwa mbele ni deni la manfaa. Mkataba utaje nani anatengeneza nini, na ndani ya siku ngapi tangu aarifiwe. Pili, siku ya kukabidhiana ufunguo wote wawili waizunguke nyumba, waandike kila ufa na kila kitasa kibovu, na kwa nyumba ya mlimani wasiache kuutazama ukuta wa nyuma na mfereji. Tatu, matengenezo ya dharura yawe na kiwango ambacho mpangaji ameruhusiwa kukitumia bila kusubiri, kwa risiti, na kikatwe katika kodi. Nne, kodi ya mbele isizidi ile ambayo mwenye nyumba yuko tayari kuirudisha.

Tano, tusidharau vidogo. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakusanywa kupitia LUKU, ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kisheria ni kodi ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Ni wenye nyumba wangapi wanaorudisha fedha hiyo? Kiasi ni kidogo, na ndiyo maana ni kipimo kizuri cha uadilifu.

Wakishindwana, waanze kwa wazee na imamu wa msikiti, kisha Baraza la Kata liwapatanishe, na ikibidi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lushoto wana bahati ya kuwa na Chuo cha Uongozi wa Mahakama katika mji wao, na wanafunzi wa chuo cha namna hiyo wanaopanga mitaani wanaweza kabisa kuwasaidia majirani zao kuandika mkataba wa ukurasa mmoja.

Mwenyezi Mungu (sw) ameitaja nyumba katika Qur'an kuwa ni neema yake, mahali pa utulivu. Anayepangisha anauza utulivu huo. Basi autoe kamili kama anavyopokea bei yake kamili, na anayepanga autunze kama angeutunza wake. Na kwa ndugu zetu wa milimani: vuli haiko mbali na masika yanaifuata. Anayepokea kodi apande akautazame ukuta wa nyuma sasa, kabla ya mvua kuanza.

Wallahu a'lam.